Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Ramani za Tarakilishi na Ardhi Yetu

Mabaharia wetu walituachia neno: usisafirie nyota ya mwenzio. Walijua walisemalo. Jahazi lililong'oa nanga Lamu likielekea Maskati halikuwa na alama njiani ila za mbinguni, na nahodha aliyeifuata nyota asiyoijua alijikuta mwambani. Leo mwenye kutaka kujua mahali hatazami mbingu, hutazama kioo cha tarakilishi. Ramani iliyomo humo ndiyo inayoonyesha barabara itapita wapi, bomba la maji litachimbiwa wapi, na kiwanja cha fulani kinakoma wapi. Hiyo ndiyo nyota ya zama hizi, na yafaa tujue imewashwa na nani.

Elimu hii ina asili ambayo wengi wetu hatuijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni moja ya Kanada ilikuwa ikitafuta mahali pa kupanda misitu hapa hapa Kenya. Kazi hiyo ilimwangukia Roger Tomlinson, Mwingereza aliyehamia Kanada. Alihitaji kuziweka ramani nyingi pamoja, kila moja ikisema jambo lake juu ya ardhi ile ile, ili apate mahali panapofaa kwa kila hali. Kuzilinganisha kwa mkono kulionekana kuwa na gharama kubwa mno, na mpango huo haukuendelea. Lakini swali halikumtoka Tomlinson. Mwaka 1962 alikutana ndani ya ndege na afisa wa serikali ya Kanada aliyekuwa na shida kama hiyo, tena ya nchi nzima. Mazungumzo yao yakazaa mtambo wa kwanza wa kuhifadhi ramani ndani ya tarakilishi na kuziuliza maswali. Tomlinson alifariki mwaka 2014, na hadi leo huitwa baba wa elimu hii. Basi swali lililoanzisha yote lilitoka katika udongo wa Kenya.

Sasa, mtambo huo hufanyaje kazi? Siri yake ni tabaka. Chukua mfano wa Lamu. Maji matamu ya mji ule hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa, nayo maji yake hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Nyumba zikijengwa juu ya mchanga, uchafu hushuka. Haya wazee wa Lamu wanayajua bila ya mashine. Lakini kujua ni jambo moja, na kuonyesha mbele ya baraza ni jambo jingine.

Hapo ndipo programu ya ramani inapofaa. Visima huandikwa kama nukta. Njia na mabomba huandikwa kama mistari. Vilima na viwanja huandikwa kama maeneo yenye mipaka. Kila kundi ni tabaka lake, mfano wa karatasi zinazopitisha mwanga, zikapangwa moja juu ya mwenzake. Kisha mtu huuliza: nizungushie kila kisima duara la mita 100, halafu nionyeshe kila kiwanja kinachogusa duara hilo. Jibu huja kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Chini ya tabaka hizo huweza kuwekwa picha za setilaiti. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bure kwa yeyote. Picha hizo zimegawanyika viraba, na katika zile za tangu miaka ya 1980 kiraba kimoja ni mita 30 kwa mita 30 ardhini. Ukilinganisha picha za miaka mbalimbali, waona mikoko ilipopungua na nyumba zilipoongezeka.

Lakini hapa, msomaji mpenzi, tuirudie nyota ya mwenzio. Tabaka hizo hazitasema kweli mpaka ziwe zimepimwa kwa asili moja. Dunia si tufe kamili, na wapimaji wa nchi mbalimbali walichagua kila mmoja umbo lake la dunia na mahali pake pa kuanzia. Ramani nyingi za zamani za Kenya zimechorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960. Vyombo vya setilaiti vilivyomo katika simu zetu hutumia kingine, WGS 84. Namba zile zile, zikisomwa kwa kipimo kisicho chake, huhamisha mahali kwa kiasi cha mita 300. Mita 300 si kidogo. Zatosha kumtoa mtu wa ufukoni na nyumba yake zikamtia baharini, au kukipeleka kisima cha mtaa ndani ya uga wa tajiri. Mashine haitaguna wala haitatahayari. Itachora mstari ulionyooka na rangi nzuri, na mwenye kuutazama ataamini. Hapana budi anayeletewa ramani aulize: hii imepimwa kwa kipimo gani, na lini?

Swali hilo si geni katika umma wetu. Zaidi ya miaka 900 kabla ya tarakilishi, Abu Rayhan al-Biruni alitunga kitabu kizima juu ya kuhakikisha mahali pa miji, na lengo lake mojawapo lilikuwa kuipata kibla ya mji wa Ghazna. Alijua kwamba mwelekeo hauwezi kuwa sahihi ikiwa mahali unapoanzia pamekosewa. Sisi tumerahisishiwa. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, na kwa mtu wa Lamu huelekea kushoto ya kaskazini kwa digrii mbili na nusu hivi tu. Ndiyo maana kwa wazee wetu kibla na kaskazini lilikuwa neno moja. Lakini aliyeko New York akichukua ramani bapa ya ukutani ataona Makka iko kusini mashariki, ilhali njia fupi juu ya mviringo wa dunia yaanza kaskazini mashariki. Ramani bapa si uongo. Ni tafsiri, na kila tafsiri huacha kitu.

Kuna na uachaji mwingine ulio mchungu zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani walete madai yao yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya taji la Uingereza. Waliokuwa hawajui kuandika, au hawakupata habari, wakawa kama hawapo juu ya shamba walilozaliwa. Wajukuu wao hadi leo wanaitwa maskwota. Tarakilishi nayo ina tabia hiyo hiyo: mahali pasipoandikwa huonekana patupu, na patupu huitwa hapana mwenyewe.

Tofauti ni kwamba safari hii kalamu haiko kwa mkubwa peke yake. Programu ya QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002, hutolewa bure. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004, huandikwa na yeyote popote alipo. Dar es Salaam, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria tangu mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walitembea kwa miguu wakiandika nyumba, mifereji na mahali mafuriko yanapofika. Ni watu wa mtaa waliosema maji yalifika wapi. Setilaiti haikuwepo mlangoni usiku ule.

Basi vijana wetu waliosoma waketi na wazee barazani, waandike visima vya waqfu, makaburi, kaya, bandari za zamani na majina ya mitaa kabla hayajafa na wenyewe. Mzee ajua mahali na kijana ajua mashine, na mmoja pasi na mwenzake hafiki. Siku baraza litakapofunguliwa na ramani ikatandikwa mezani, tuwe na yetu ya kuiweka juu yake, iliyopimwa sawasawa, tuone zinapokubaliana na zinapohitilafiana.