Ukifikisha 18 makaoni, unarudi kwa nani?

Kila Desemba lazima uzione hizi picha kwenye simu yako. Watu wa chama, ofisi ama kwaya wamevaa tisheti za rangi moja, wamesimama nyuma ya marobota ya unga, katoni za sabuni na kreti za soda. Mbele yao watoto wa makao wanaimba wimbo wa kukaribisha wageni. Pasta anaomba, keki inakatwa, halafu basi linarudi mjini kabla ya jam.

Si vibaya. Unga huo unaliwa. Lakini leo nataka tumwangalie yule wa nyuma kabisa kwenye picha, kijana mrefu wa Kidato cha Nne anayebeba viti. Desemba ijayo hatakuwa hapo, na kati ya wageni wote hakuna anayemuuliza ataenda wapi.

Kwanza, makanisa tuyape haki yao. Ukimwi ulipokuwa ukimaliza wazazi miaka ya tisini, wengi waliogopa hata kumbeba mtoto mwenye virusi. Mwaka wa 1992 padri Mjesuiti, Angelo D'Agostino, alianzisha makao ya Nyumbani jijini Nairobi kwa ajili ya watoto hao. Serikali ilikuja kutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Mwaka wa 2004 Nyumbani waliishtaki serikali kwa sababu watoto wao walikuwa wakikataliwa shule za umma, na milango ikafunguliwa. Halafu kuna Charles Mulli. Jamaa aliachwa na wazazi wake akiwa mdogo, akahangaika hadi akawa mfanyabiashara mkubwa Eldoret, na mwaka wa 1989 akaanza kuwachukua machokoraa na kuwalea nyumbani kwake pamoja na wanawe.

Kwa hivyo usije ukasema hawa watu hawajafanya kazi. Wamelisha, wamevisha, wamelipa karo. Mtoto wa makao anakua akijua kengele ya asubuhi, ibada kabla ya uji, zamu ya kuosha sufuria na kitanda cha dabodeka. Anakua na ndugu arobaini.

Shida inaanza akifikisha 18. Kisheria yeye si mtoto tena, na kitanda chake kinahitajika na mwingine. Makao mengine humsaidia kijana kwa muda, mengine humpa begi, godoro na maombi.

Sasa wewe fikiria ulivyotoka nyumbani. Mimi karo ya chuo ilipokatika, nilirudi kwa mathe na begi langu moja. Alinung'unika wiki nzima, lakini sahani yangu ilikuwa mezani kila jioni. Hata wewe, keja ikikushinda, una mjomba wa kumpigia simu, ama shosho kule ocha ambaye hawezi kukufukuza. Aliyelelewa makaoni akikosa kodi miezi miwili, anampigia nani? Ndugu zake wote arobaini wako na shida hiyo hiyo.

Halafu kuna mambo ya kitambulisho. Ukienda kujiandikisha unaombwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Aliyeokotwa kwenye lango la kanisa akiwa na siku tatu atatoa wapi? Ukisema wewe ni yatima unaulizwa cheti cha kifo, na yeye hata hajui kama mamake yuko hai. Na bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, hakuna mkopo wa HELB, na polisi wakikupata usiku una kazi ya kujieleza.

Ajabu ni kwamba Katiba iko upande wake. Kifungu cha 14(4) kinasema mtoto anayepatikana Kenya, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane na ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Kama unamjua kijana kama huyo, mwambie. Makao alikolelewa na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo ndiko aanzie kutafuta barua na amri ya korti iliyompeleka makaoni.

Jambo lingine ambalo huambiwi ukipeleka unga: wengi wa hawa watoto si mayatima. Wana mzazi mmoja, nyanya ama shangazi aliye hai. Umaskini ndio uliowapeleka pale. Ndiyo maana serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka wa 2017, na mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia: zao wenyewe, za jamaa, za kambo ama za kuasili.

Hapo ndipo kanisa lako linaingia. Badala ya kuchanga pesa za bweni lingine, wanaweza kuuliza ni nyanya yupi anahitaji karo ya mjukuu ili mtoto asiondoke nyumbani. Ama ni familia zipi mbili kati ya waumini ziko tayari kumlea mtoto kwa njia ya kisheria.

Na wewe ambaye huna pesa? Desemba hii ukienda, achana na selfi za watoto. Tafuta yule anayebeba viti. Muulize anataka kufanya nini, mpe namba yako, na akikupigia simu Machi akitafuta kibarua ama chumba cha bei poa, shika simu. Mualike Pasaka akule kwenu. Ukishuku mtoto yeyote anateswa, makaoni ama mtaani kwenu, piga 116, ni bure.

Kenya Society of Careleavers, chama cha waliolelewa makaoni, kipo kwa sababu vijana hawa waliamua kushikana mikono wenyewe. Wao tayari wanajuana. Sisi wengine ndio hatujawajua.