Kahawa chungu, kahawa maji: tuangalie kinu kabla ya kulaumu kahawa

Wiki hii tunaongea juu ya kahawa, na tunaanza na aibu yetu wenyewe.

Wengi wenu mlisikia ile habari. Kikundi chetu kilipata kazi ya kupeleka kahawa kwa watu 60 waliokuwa katika semina ya siku tatu hapa Bukavu. Tulinunua kilo 5 za kahawa mbichi, nzuri, ile ya kuoshwa yenye kutoka upande wa Kalehe. Tukaikaanga wenyewe, kisha tukaipeleka kwenye mashini ya mtaa yenye kusaga mihogo na mahindi. Mwenye mashini akatusifu kwamba imekuwa laini kama poda ya mtoto, nasi tukafurahi. Saa kumi na moja ya asubuhi tukaichemsha, tukaimimina katika termosi pamoja na unga wake, na saa nne wageni wakapewa. Siku ya kwanza vikombe vingi vilirudi vimejaa. Siku ya pili tukaongeza sukari, bure. Siku ya tatu mwenye semina akaleta chai yake mwenyewe, na mwishoni akatulipa siku moja na nusu tu. Pesa ya kununua kahawa ilikuwa imetoka katika AVEC yetu. Deni likabaki juu ya vichwa vyetu sote.

Tuliilaumu kahawa. Halafu dada mmoja wa kikundi, aliyewahi kufanya kazi mahali panapoonjwa kahawa kabla ya kuuzwa ng'ambo, akatia kidole katika ule unga, akausugua, akanusa. Akasema kahawa haina kosa. Kosa ni mashini na termosi.

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza, na leo tunawapa tulichojifunza, kwa sababu kahawa si kitu cha kumwaga, sana sana kwetu hapa Kivu. Wazazi wetu waliilima bila kuinywa. Kuna miaka ambapo kahawa ya Minova na ya Idjwi ilivushwa ziwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wanaume wengi wakazama. Wajane wao tunasali nao. Na bado, arabika yetu ikikwisha kwenda Ulaya na Marekani, sisi tunanunua kopo la poda lililotoka huko.

Sasa tuingie jikoni. Mkipika muhogo mzima unachelewa kuiva. Mkiukata vipande vidogo unawahi, kwa sababu maji yanaugusa pande nyingi. Kahawa ni vilevile. Ikitwangwa kubwa kubwa, maji yanaingia polepole na kutoa ladha polepole. Ikisagwa laini, maji yanaimaliza kwa haraka. Yanachukua kwanza ule ukali kidogo kama wa tunda, kisha utamu na harufu nzuri, na ya mwisho kabisa ni uchungu wenye kukausha ulimi. Mpishi anatakiwa kusimamisha kazi katikati, kabla uchungu haujatoka wote. Kwa hiyo jambo la kujiuliza si "nitwange laini namna gani?" tu. Ni "kahawa yangu itakaa na maji muda gani?" Ikikaa muda mrefu, itwangwe kubwa. Ikikaa muda mfupi, itwangwe laini. Sisi tulichukua unga laini kabisa tukauacha katika maji ya moto masaa matano ndani ya termosi. Hata kahawa ya mfalme ingeharibika.

Wamama wengi wanasema: nikisaga laini ninapata nguvu zaidi na ninaokoa kahawa. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni nusu. Unga laini unatoa haraka, ndiyo, basi na dakika zipunguzwe. Ukiuchemsha kama ulivyozoea kuchemsha ile kubwa, nguvu unayoipata ni uchungu, na uchungu huo unakula sukari. Hesabuni sukari mnayotia halafu mtuambie kama mliokoa.

Tuongee juu ya kinu, kwa sababu ndicho tulicho nacho karibu sote. Shida ya kinu ni kwamba kinatoa unga na vipande vikubwa pamoja, ndani ya mtwango mmoja. Unga unatoa uchungu, vipande vinatoa maji maji, na katika kikombe kimoja unapata makosa mawili. Dawa yake ni chekeche. Tunafanya hivi. Kahawa ikishakaangwa tunaiacha ipoe kabisa, hata usiku mzima. Tunatia kinuni konzi mbili tu, si zaidi. Mchi tunaunyanyua na kuuangusha wima. Hatusugui kando kando ya kinu, maana kule kusugua ndiko kunakoleta unga mwingi. Baada ya mapigo machache tunatoa yote, tunaipitisha katika chekeche la unga. Kinachoanguka chini ni laini sana, tunakiweka pembeni. Kilichobaki juu tunakipepeta kwenye ungo mpaka vipande vikubwa vijitenge, navyo vinarudi kinuni. Ile ya katikati ndiyo kahawa yetu.

Mara ya kwanza ilituchukua saa nzima kwa kopo moja la Guigoz. Sasa tunahitaji nusu ya hapo, na tunaimba.

Ile laini msiitupe. Waturuki wanapenda kahawa ya namna hiyo, laini kama unga wa ugali au kupita. Tieni maji ya kikombe kimoja kidogo katika sufuria ndogo, kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na sukari kama mnataka, juu ya moto mdogo. Povu likianza kupanda, toeni mara moja, lisichemke. Ngojeni dakika mbili unga ukae chini, mnywe ile ya juu. Ni kahawa ya kikombe kidogo cha mtu mmoja baada ya chakula, si ya semina.

Kwa sufuria kubwa, ile ya kilio au ya mkutano, tunataka kahawa kubwa, vipande kama chumvi ile ya mawe iliyopondwa. Maji yakichemka tunaitoa sufuria juu ya mbabula, tunatia kahawa, tunakoroga mara moja, tunafunika dakika 4 au 5. Halafu tunamimina polepole katika kitambaa au kichujio, na KAHAWA PEKE YAKE ndiyo inaingia katika termosi. Machicha yanabaki nje. Hiki ndicho tulichokosea, ndiyo maana tumekiandika kwa herufi kubwa. Kwa lita moja ya maji tunahesabu gramu 60, na kwa mama asiye na mizani ni vijiko 8 vikubwa vya supu vilivyojaa.

Wale wenye kafetiere ya kusukuma, ile ya kioo yenye kichujio cha chuma, watumie kahawa kubwa hiyohiyo na dakika 4. Mkisikia mkono unashindwa kusukuma chini, kahawa yenu ni laini mno. Msilazimishe, kioo kinaweza kupasuka na maji ya moto yakawaunguza.

Kwa kitambaa, ambapo maji yanapita juu ya kahawa na kushuka, tunatafuta ya katikati, kama sukari ya kawaida au mchanga safi wa mtoni. Hapa maji yenyewe ndiyo yanawafundisha. Yakipita mbio, kahawa ni kubwa na kikombe kitakuwa chepesi. Yakisimama juu kama dimbwi, ni laini. Kwa kikombe kimoja au viwili, dakika 3 hadi 4 inatosha. Kitambaa kiwe cha pamba, cheupe, kisichotoa rangi. Kioshwe kwa maji ya moto bila sabuni, maana sabuni inakaa ndani ya nyuzi na mtainywa kesho. Wenye karatasi za kuchujia wafuate kipimo hichohicho.

Kuna ile kafetiere ndogo ya Kiitaliano ya kuweka juu ya moto, yenye maji chini na kahawa katikati. Inataka laini, kama chumvi ya mezani, lakini isifike unga. Unga unaziba njia. Na usiishindilie kwa kijiko. Mashini kubwa za hoteli, zenye kusukuma maji kwa nguvu, zinatumia laini zaidi kwa sababu maji yanakaa na kahawa sekunde 25 au 30 tu. Hizo tunawaachia wenyewe.

Juu ya maji, tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Vitabu vinasema maji ya kahawa yawe digrii 90 hadi 96, yasiwe yanachemka. Lakini Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwenye urefu huo maji yanachemka kwa digrii kama 95. Kwa hiyo yakichemka hapa kwetu yanafaa papo hapo. Dada zetu wa Uvira, walio chini zaidi, wangoje kidogo baada ya kuyatoa motoni.

Mkionja, jifunzeni kutofautisha. Kahawa nyepesi, yenye ukali kama limau bichi na kupotea haraka mdomoni, imetwangwa kubwa mno au imekaa kidogo. Kahawa chungu yenye kukausha ulimi imetwangwa laini mno au imekaa sana. Rekebisheni jambo moja kwa mara moja. Mkibadilisha kinu, dakika na vijiko siku moja, hamtajua lipi lilisaidia. Tena, kama mliikaanga mpaka ikawa nyeusi kama makala, msihangaike na chekeche. Uchungu wa kuungua hautoki kwa kutwanga vizuri. Tunakaanga juu ya moto wa wastani, tukikoroga bila kuacha, mpaka rangi ya chokoleti, kisha tunaipoza haraka kwenye ungo.

Na mashini ya mtaa? Hatuirudii kwa kahawa. Inatoa ukubwa mmoja, ule wa unga, inaipasha kahawa moto, na ndani yake kuna mabaki ya mihogo ya mtu mwingine. Mashini ndogo ya mkono, ile ya kufunga kwenye meza yenye wamama wanasagia soya na karanga, inafaa zaidi kwa sababu ina skrubu ya kukaza na kulegeza. Kaza kwa laini, legeza kwa kubwa. Lakini iwe ya kahawa tu, kwa sababu mafuta ya karanga hayatoki kirahisi. Kikundi kikitaka kununua moja, tunashauri iwe ya wote na ikae kwa katibu.

Jambo la mwisho kabla ya kusahau: twangeni ya siku hiyo, au ya siku mbili. Kahawa ya mbegu iliyokaangwa inakaa majuma kadhaa katika kopo lenye kifuniko kizuri. Ikishatwangwa, harufu inaondoka kwa siku chache. Na kahawa mnayonunua ikiwa tayari imesagwa laini, hamwezi kuona kwa macho kama ndani kuna mahindi ya kukaangwa.

Yule mwenye semina hatujamrudia. Lakini mwezi uliopita tuliombwa kahawa ya kilio, watu zaidi ya mia, na sufuria mbili zilirudi tupu kabla ya saa sita ya usiku. Deni la AVEC limebaki sehemu moja ya tatu. Alhamisi hii, kuanzia saa tisa, tutatwanga pamoja kwenye uwanja wa shule. Kila mama alete chekeche lake na kikombe. Vinu viwili vipo, mchi mmoja umepasuka, mwenye mwingine atusaidie.