Usiizime SSL, Mtafute Anayebisha

Swali lile limekuja tena wiki hii: "Mkuu, logi ya PostgreSQL imejaa makosa ya SSL. Niizime?"

Usiizime. Najua ssl = off inasifiwa kama dawa, na najua kwa nini: ukiiandika, logi inanyamaza na kazi zinaendelea. Huko kuendelea ndiko kunakonitisha. Programu nyingi huunganishwa kupitia libpq, na libpq isipopewa maagizo hutumia sslmode=prefer: huomba SSL, ikinyimwa hupita wazi wazi bila kumwambia mtu. Mishahara na namba za simu za wateja wako sasa zinasomeka na yeyote anayeweza kuchungulia mtandao. Wanaokatika ni wale makini tu, walioweka sslmode ya require, verify-ca au verify-full.

Halafu naambiwa, "Lakini tunatumia SCRAM." SCRAM inalinda nenosiri. Majibu ya hoja zako hailindi hata herufi moja. "Tuko mtandao wa ndani." Vizuri, basi nitajie nani anayekujazia logi. Kimya.

Na kosa lenyewe hamlisomi. "could not accept SSL connection: EOF detected" maana yake upande wa pili umeomba SSL, kisha ukakata kabla makubaliano hayajakamilika. Ni mtu aliyepiga hodi akaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Kwa hilo unang'oa kitasa? Mara nyingi ni chombo chenu wenyewe kinachochungulia tarehe ya cheti, au mashine ya kugawa mzigo inayopima kama seva iko hai, au ukaguzi wa usalama ambao idara ya jirani haikuwaambia. Kununua cheti kipya nako hakusaidii hapa.

Fanya hivi. Weka %h kwenye log_line_prefix, pakia upya mipangilio, hesabu anwani za IP. Ni chombo chenu? Kipime kwa pg_isready, kwa jina la mtumiaji na kanzidata sahihi. Anwani ya nje usiyoijua? Ifungie lango la 5432 kwenye ukuta wa moto. Ukiona "unsupported protocol", kuna draiva ya kale: tangu toleo la 13 seva haipokei chini ya TLS 1.2 isipolazimishwa, kwa hiyo sasisha draiva, usishushe kiwango cha seva. "unknown ca"? Mpe mteja cheti cha mamlaka iliyotia saini chako. Kisha unganisha pg_stat_ssl na pg_stat_activity uone nani anapita wazi, na kwenye pg_hba.conf geuza mistari yao ya host iwe hostssl.