Mzinga Uliolia Liuli

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie kisa cha Liuli, hapa hapa mwambaoni mwa Ziwa Nyasa. Enzi za Wajerumani bandari hii iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba wake unaofanana na ile sanamu kubwa ya Misri.

Mwaka 1914 ziwa letu lilikuwa na meli mbili zenye mizinga. Hermann von Wissmann ilikuwa ya Wajerumani, nahodha wake Berndt. Guendolen ilikuwa ya Waingereza, nahodha wake Rhoades. Manahodha hao walikuwa marafiki.

Agosti mwaka ule vita vikazuka Ulaya. Habari ikapita kwenye nyaya za telegrafu hadi Nyasaland, Malawi ya leo, na Rhoades akapewa amri ya kushambulia. Huku Liuli, Berndt hakujua lolote. Meli yake ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Mara Guendolen ikatokea, mzinga ukalia. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia mashua akaifuata, amefura kwa hasira, akamuuliza rafiki yake kama amelewa. Ndipo alipoambiwa kuwa nchi zao zinapigana, akashikwa mateka.

Fikirini basi. Mlio ulifika masikioni mwa wote. Mabaharia wa Rhoades walisikia vita. Berndt alisikia upuuzi wa mlevi. Sauti moja, maana mbili. Mlio wenyewe ni data: alama iliyofika, na bado haijafumbuliwa. Taarifa huzaliwa pale alama inapokutana na mtu awezaye kuifumbua, ikambadilishia alichokuwa anakijua.

Ili alama ifumbulike, huhitaji pia umbo. Umbo ni nini? Turudi kwenye telegrafu. Waya ule haukubeba maneno. Ulibeba mipigo mifupi na mirefu ya umeme tu, iliyosikika kama milio. Mfupi ukifuatwa na mrefu, hiyo ni herufi A. Mrefu ukitangulia, mfupi ukafuata, hiyo ni N. Milio ni ile ile miwili. Kilichobadilika ni mpangilio. Huo mpangilio ndio umbo, na ukiuvuruga, ujumbe umepotea hata kama hakuna mlio hata mmoja uliopungua.

Pandeni nami sasa hadi milimani Mbinga, msimu wa kahawa. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akiandika 60 kwenye karatasi tupu, nani ataelewa? Yaweza kuwa kilo, magunia, au umri wa mzee. Akiiweka 60 hiyo kwenye daftari, chini ya safu ya kilo, mbele ya jina la mkulima na tarehe, namba imepata umbo, nayo inasema. Hata hivyo haisemi sawa kwa kila mtu. Mkulima aliyekuwa anatazama mizani haongezewi kitu, kwa kuwa alikwisha kuiona. Mwanawe anayesoma Songea, akisubiri kujua kama ada itapatikana, anapata taarifa kamili kwa namba ile ile.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mnapoletewa ujumbe kwenye simu au ubaoni darasani, jiulizeni: Nimeona alama gani? Zimepangwaje? Zimenijulisha nini nisichokijua? Na mkiwa ninyi ndio mnaotuma, mfikirieni anayepokea. Mpeni kilo, jina na tarehe, tena mapema. Berndt aliijua maana ya mzinga ule akiwa tayari mikononi mwa adui. Ujumbe mmoja wa siku moja kabla ungemwokoa.