Moshi Upitao Katikati ya Maji

Katika miji yetu mtu akitaja «V8», msikilizaji haioni injini moyoni mwake. Huona gari kubwa la wakubwa, lililoinuka kwenda juu, lenye vioo vya giza. Kwa hivyo ni wachache wajuao kwamba herufi ile na tarakimu ile ni sura ya injini yenye silinda nane zilizopangwa safu mbili, nne huku na nne huku, zilizokutana chini na kuachana juu mfano wa viganja vya mtu aombaye dua. Na ni wachache zaidi wajuao kwamba mtu aliyeitoa injini ya namna hiyo katika milki ya matajiri, akaifanya mali ya mkulima, karani na fundi, ni Henry Ford wa Dearborn, katika jimbo la Michigan, aliyeitangaza tarehe 31 Machi 1932, ikiwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65, ndani ya gari la wazi lililouzwa kwa dola 460.

Kabla yake V8 zilikuwako. Cadillac walikuwa nayo tangu mwaka 1914. Lakini injini hizo zilifanywa vipande mbalimbali vikaunganishwa kwa bolti, na gharama yake haikukubali kushuka. Ford alitaka safu zote mbili za silinda pamoja na tumbo la krenki vimiminwe mara moja, chuma kimoja katika kalibu moja, na wahandisi wake waliianza kazi hiyo kwa siri ndani ya jengo lililokuwa zamani maabara ya Thomas Edison, ambalo Ford alikuwa amelihamisha kutoka Florida na kulisimamisha upya Dearborn.

Naandika habari za injini hii kwa sababu nimechoka kuisikia ikilaumiwa na watu wasioifahamu. Hotirodi ni gari kuukuu ambalo mwenyewe, nyumbani kwake na kwa mikono yake, hulivua madigadi na boneti na kila kizito kisichosaidia mwendo, kisha akalitia injini ya kulikimbiza; na desturi hiyo ilikulia kwa vijana wa California, juu ya magari ya Ford ya mwaka 1932 na yaliyoyatangulia na kuyafuata kwa karibu. Leo mtu akipata bodi ya gari kama hilo, akauliza alitie injini gani, jawabu la kwanza atakalopewa, kabla hajaulizwa gari litakwenda wapi wala kama amelipima, ni kwamba ile ya Ford, iitwayo ya kichwa bapa, aitupe, maana inachemsha, na mahali pake atie Chevrolet. Inachemsha, naam. Walakini injini haichemshi bila ya sababu, na asiyeijua sababu hafai kutoa hukumu.

Sababu yenyewe ni njia ya moshi. Katika injini nyingi za leo valvu hukaa juu, ndani ya silinda hedi. Katika injini hii zimesimama ndani ya bloku, ubavuni mwa silinda, nyuso zake zikitazama juu, hata silinda hedi ikawa haina kazi isipokuwa kufunika, bapa kama kifuniko cha sufuria, na ndipo lilipotoka jina lake. Valvu zote, za kuvuta mvuke wa petroli na za kutoa moshi, zimewekwa upande wa ndani, katika bonde lililo baina ya safu mbili za silinda. Kwa mvuke wa petroli hapana taabu, kwani kabureta imekaa juu ya bonde hilo na safari ni fupi. Taabu ni ya moshi. Bonde halina nafasi ya mabomba yake, kwa hiyo ulitakiwa kutokea upande wa pili kabisa, nje ya injini. Na kutoka ndani kwenda nje haukuwa na njia ghairi ya kupenya kwenye bloku yenyewe, baina ya silinda na silinda, katika mfereji wa chuma uliozungukwa na maji yale yale yaliyotiwa ili kuipoza injini. Moshi uliotoka katika moto sasa hivi unapita katikati ya maji! Aliyepata kumtazama mhunzi akichovya chuma chekundu ndani ya ndoo hahitaji kuelezwa zaidi maji hayo huwa katika hali gani.

Tena si hayo tu. Silinda mbili za katikati, katika kila safu, hushirikiana katika mfereji mmoja, hata silinda nne zikawa na matundu matatu ya kutolea moshi. Na mahali hapo pa ushirika ndipo joto linapokusanyika kuliko pengine pote. Bloku iliyokalishwa na maji machache au machafu hupasuka, na ufa hupenda kuanzia kwenye kiti cha valvu ukaelekea silinda. Fauka ya hayo, pampu za maji za miaka ya mwanzo zilifungwa juu, mbele ya silinda hedi, zikawa zinayavuta maji yaliyokwisha kupata moto badala ya kuyasukuma yaliyopoa. Ford alizishusha kwenye bloku mwaka 1937, na hali ikawa nafuu. Sioni uzembe katika mpango huo wa moshi. Ilikuwa bei ya kumimina V8 kwa mkupuo mmoja na kuiuza kwa mtu wa mshahara mdogo, na bei hiyo ililipwa kwa joto.

Dawa yake haina uchawi. Ukiifungua bloku ya namna hii, ukachokoa njia za maji kwa waya mrefu, hutoka mchanga wa kalibu, mweusi na mzito, ambao haukusafishwa siku ilipomiminwa na umekaa humo miaka themanini au tisini; hutoka vipande vya waya vilivyoshikilia mchanga huo katika kalibu; hutoka kutu kwa viganja. Nani atashangaa kwamba maji hayakupita? Baada ya kuisafisha, fundi huipima kwa sumaku: huitia bloku nguvu ya sumaku, akanyunyiza unga laini wa chuma juu ya viti vya valvu, na pakiwa na ufa, hata usioonekana kwa jicho, unga hujikusanya juu yake ukachora mstari mwembamba kama unywele. Bloku isiyo na mstari huo ni hazina. Ikipewa rejeta pana, pampu zilizo nzima na njia za moshi zilizoparuliwa zikawa laini, hutembea mjini siku ya jua bila ya kumwaibisha mwenyewe.

Vijana wa California waliyajua hayo. Walikwenda kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, huko Muroc na baadaye El Mirage, wakashindana katika vumbi, na mwaka 1937 vyama vyao vikaungana na kuweka kanuni za usalama na za kupima mwendo. Walichukua krenki ya Mercury, gari jingine la kampuni ya Ford, yenye mwendo wa pistoni wa inchi 4, wakatanua silinda, wakaipandisha injini ile ile hadi lita 4.5; fundi mwenzao Vic Edelbrock akawaundia manifoldi ya kabureta mbili. Mwaka 1950, juu ya uwanda wa chumvi wa Bonneville katika jimbo la Utah, gari lililoundwa na Alex Xydias na Dean Batchelor, likisukumwa na injini ya kichwa bapa ya Mercury, lilipata wastani wa zaidi ya maili 208 kwa saa, yaani karibu kilomita 336. Na mhandisi Zora Arkus-Duntov alikwisha kuitengenezea silinda hedi mpya mwaka 1947, zenye valvu juu na njia ya moshi itokayo nje moja kwa moja, kwa muradi wa kuyaponya malori ya Ford na maradhi yale yale ya joto. Mtu huyo baadaye alihamia Chevrolet, akawa mashuhuri kwa gari la Corvette.

Amma Chevrolet yenyewe, sina neno baya juu yake. Ile V8 ndogo ya mwaka 1955, ya lita 4.3 na nguvu za farasi 162, ni kazi ya akili kubwa: nyepesi, valvu zake ziko juu, moshi wake hauonani na maji ya bloku, na vipuri vyake havijapata kuadimika, kwani kampuni yake ilitimiza injini milioni 100 za ukoo huo mwaka 2011. Zipo pia za karne hii, za lita 5.3, zitolewazo katika malori madogo yaliyogongwa. Mwenye kutaka nguvu nyingi kwa fedha chache hakosei akizichagua.

Kosa liko katika kuchagua kwa jina. Nilipata kukaa alasiri nzima katika gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, nikimtazama fundi aliyekuwa akiandaa Land Rover ya zamani itiwe injini ya dizeli ya Isuzu, kazi ambayo mafundi wetu wameifanya kwa miaka mingi bila ya kitabu cha kuwaongoza. Injini ilikuwa imening'inia kwenye mnyororo, na mwenye gari, alipoiona imeshuka mahali pake, alifurahi akasema, «Fundi, si imeingia?» Fundi hakujibu mara moja. Alichukua kipande cha ufito alichokuwa amekikata kwa kipimo cha feni, akakipitisha baina ya injini na rejeta, kikakwama. «Imeingia, mzee wangu,» akasema, «lakini feni itakaa wapi?» Injini ikapandishwa tena.

Swali la fundi yule ndilo swali la hotirodi. Ile Chevrolet ina distribyuta nyuma, na katika Ford ya 1932 distribyuta hiyo husukuma ukuta utenganishao injini na miguu ya dereva, hata watu wengi wakaukata ukuta ambao hautapatikana tena. Ford ya lita 4.9 ya miaka ya baadaye ina distribyuta mbele, jambo jema, lakini sampu yake ya oili kwa kawaida imetumbukia mbele pia, ikagongana na boriti ya chesi. Kisha liko giaboksi la gia tatu lililofanywa kwa injini ya farasi 65. Iko propela shafti iliyofungiwa ndani ya bomba, ambayo haitaki kuunganishwa na giaboksi geni. Ziko breki, ambazo katika magari ya Ford zilivutwa kwa fimbo na hazikuwa za mafuta hadi magari ya mwaka 1939. Mtu aliyetia farasi 300 mbele ya breki za fimbo hajaunda gari, ameunda msiba, nami nasema hivyo bila ya kusitasita.

Injini ya kichwa bapa ilitumika kwingineko pia: malori, mabasi, mashua, pampu, matrekta yaliyobadilishwa, vigari vya deraya vya Kiingereza vya vita kuu ya pili, na magari ya deraya ya Afrika ya Kusini yaliyoingia Uhabeshi mwaka 1941 katika vita walivyopigana askari wetu wa KAR (King's African Rifles). Katika magari ya Ford ya Marekani ilikoma baada ya mwaka 1953.

Kwa bodi ya Ford ya mwaka 1932 itakayotembea barabarani na isiyotakiwa kushindana, mimi nachagua Mercury ya kichwa bapa ya lita 4.2, iliyotoka baina ya 1949 na 1953: inakaa bila ya kukata kitu kisichorudi, na nguvu zake zinatosha gari jepesi kiasi kile. Kinachohuzunisha ni kwamba bloku nzima zinazidi kuwa chache, kwa sababu nyingi zilipelekwa kuyeyushwa na watu waliosikia kwamba zinachemsha na wasizitazame ndani. Hapa kwetu tunafanya hayo hayo kwa injini za Land Rover na za malori ya Bedford, ambazo mnunuzi wa chuma chakavu hupita mtaani akazipima kwa mizani pamoja na mabati na sufuria zilizotoboka. Enyi wenye injini kuukuu nyuma ya nyumba, nawasihi: msiiuze bloku kwa kilo kabla fundi hajaichokoa njia zake za maji na kuipitishia sumaku.