Kutoka Pikipiki Nzito hadi Nyepesi: Yanayodaiwa na Njia ya Oldonyiro



Miongoni mwa ndugu zetu wa mwambao wamo waliojaaliwa uwezo wa kumiliki pikipiki kubwa za safari ndefu. Hutoka Mombasa baada ya Alfajiri, na jua likichwa huwa wamekwisha kuupita mji wa Nairobi. Wengine huitumia neema hiyo katika kheri, wakapeleka misahafu, dawa na nguo kwa watu wa mbali. Mmoja wao alitujia na shauri. Alitaka kuiuza pikipiki yake kubwa anunue iliyo nyepesi, ili amana anazopewa azifikishe Oldonyiro badala ya kuziacha Isiolo mjini. Rafiki zake wakamcheka kwamba anashuka daraja. Mkewe naye aliona heri aache safari zote, kwa kuwa ana watoto wadogo. Kwa kuwa jambo hili si lake peke yake, tumeona tulizungumze hapa kwa utaratibu.

Lami inapoishia

Kutoka Nairobi hadi Isiolo ni kiasi cha kilomita 285. Njia hupita Karatina na Nanyuki, ikakata mstari wa ikweta, ikapanda Timau, kisha ikateremka kutoka baridi ya Mlima Kenya hadi joto la Isiolo. Mji huo una mizizi ya Kiislamu: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari Wasomali waliokuwa wamelitumikia jeshi la Waingereza walipewa makazi hapo, na hadi leo adhana husikika kila mtaa. Kutoka hapo lami huendelea kaskazini hadi Moyale, mwendo wa kilomita 500 hivi. Hadi hapa, pikipiki nzito ni starehe.

Oldonyiro haiko kwenye lami hiyo. Iko magharibi ya mji wa Isiolo, na anayetokea mjini huifuata njia ya Kipsing. Ni wadi ya Isiolo Kaskazini, nchi ya wafugaji, wengi wao Wasamburu na Waturkana, na soko lake la mifugo linajulikana mbali. Njia yake ni ya vumbi na mawe, nayo hukatwa na mito mikavu ambayo watu wa kaskazini huiita laga. Wakati wa kiangazi laga ni mchanga mwororo unaomeza gurudumu. Wakati wa masika, na tena katika mvua za vuli, laga iliyokuwa kavu asubuhi yaweza kujaa maji jioni kwa mvua iliyonyesha vilimani, ilhali wewe uliposimama hapajadondoka hata tone.

Hesabu ya uzito

Pikipiki ya safari ya jamii ya Honda Gold Wing hupita kilo 360 ikiwa na mafuta. BMW R 1250 GS, inayosifiwa kwamba yaiweza lami na vumbi, ina kilo 249 kabla ya kupakiwa masanduku. Pikipiki nyepesi ya njia zote, kama Honda CRF250L, ni kilo 145 hivi. Tofauti hii huonekana siku ya kuanguka, na katika mchanga kuanguka ni jambo la kawaida. Kilo 145 mtu mzima mwenye afya huziinua peke yake akaendelea na safari. Kilo 360 zikimlalia mguu ndani ya laga, hana ila kungoja apite mchungaji.

Uzito si tofauti pekee. Gurudumu la mbele la pikipiki ya vumbi aghalabu lina kipenyo cha inchi 21, hivyo hulipanda jiwe badala ya kulikumba. Springi zake hucheza kiasi cha sentimita 25, karibu mara mbili ya zile za lami. Injini imeinuliwa juu, mbali na mawe. Rimu zake zina njiti, nazo hunepa pale ambapo rimu ya kumiminwa ingepasuka. Na ukiharibikiwa, fundi wa bodaboda wa kijijini ataielewa injini ya silinda moja, lakini hana mashine ya kusomea kompyuta za pikipiki kubwa.

Ukitaka ushahidi watazame wenyeji. Wanaobeba wagonjwa, unga na hata mbuzi kwenda sokoni hutumia pikipiki ndogo za bodaboda. Hizo hazikuundwa hasa kwa mchanga, lakini wepesi wake pekee huwavusha. Mgeni mwenye busara huwatazama wenyeji wanapanda nini kabla ya kuwaeleza yeye anapanda nini.

Ilivyoanza

Aina hii ya pikipiki si mpya. Mwaka 1968 Yamaha walitoa DT-1, nyepesi, yenye taa za kuruhusiwa barabarani na uwezo wa kuingia porini. Honda wakafuata na XL250 mwaka 1972. Mashindano ya kwanza ya kutoka Paris hadi Dakar yalipoondoka Desemba 1978, aliyefika wa kwanza kwa pikipiki alikuwa Mfaransa Cyril Neveu, juu ya Yamaha XT500 ya silinda moja. Mwaka 1980 BMW wakatoa R80 G/S, ambayo herufi zake mbili zilimaanisha, kwa Kijerumani, nyika na barabara. Tangu hapo, kadiri miaka ilivyopita, pikipiki za safari zilizidi kunenepa, hata nyingine leo zina jina la nyika na mwili wa barabara.

Kinachopotea

Uadilifu watutaka tutaje na hasara. Mwendo wa kilomita zaidi ya 700 kutoka Mombasa hadi Isiolo juu ya pikipiki ya saisi 250 ni mateso. Kiti ni chembamba, hakuna kioo cha kukinga upepo, na lori linapokupita hewa yake hukuyumbisha. Tangi ni dogo: CRF250L huchukua lita zisizofika 8. Mke au mtoto hatakaa nyuma kwa raha. Na mzigo wa kilo 40 usioonekana juu ya pikipiki nzito, juu ya nyepesi huvunja chuma cha kubebea.

Kwa hiyo kila mmoja ajiulize safari zake hasa ni zipi. Anayekwenda Malindi na Lamu kuwazuru jamaa, na asiyeiacha lami, hana sababu ya kubadilisha. Anayefika kaskazini mara moja kwa mwaka, basi litamfikisha Isiolo salama, na huko atamkodi kijana aijuaye njia. Na hiyo ni riziki kwa mwenyeji. Bali ambaye kazi yake ya kila mara ni njia kama hii ya Oldonyiro, huyo kubadilisha kwake ni kukiweka kitu mahali pake.

Kujifunza upya

Miaka 20 ya lami haimfanyi mtu hodari wa mchanga. Juu ya lami mtu hukaa akalala na kona. Katika mchanga husimama juu ya vikanyagio, magoti yakibana tangi, mikono ikiwa milegevu, macho yakitazama mbali na si chini ya gurudumu. Breki ya mbele, ambayo kwenye lami ndiyo tegemeo, katika mchanga humwangusha. Mafuta hayakatwi ghafla, kwani gurudumu la mbele litazama. Upepo wa tairi hupunguzwa kidogo, ukarudishwa kwa pampu njia ikiwa ngumu. Ajizoeze karibu na nyumbani wiki kadhaa, bila mzigo, kabla ya kuijaribu laga.

Na asiende peke yake. Achukue maji kuliko anavyodhani yatamtosha, tyubu, pampu, na mafuta ya akiba. Kofia ngumu na jaketi linaloakisi mwanga ni sheria ya Kenya kwa dereva na abiria. Buti na glavu ni sheria ya akili. Sala haina udhuru: msafiri amepunguziwa rakaa, maji yakikosekana au yakiwa ya kunywa tu kuna kutayamamu, na kibla akiwa huko ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo.

Haki za waliobaki nyumbani

Turudi kwa mke wa ndugu yetu. Woga wake si udhaifu wa imani. Mafundisho tuliyorithi kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ni kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha hutawakaliwa. Pikipiki inayoweza kuinuliwa na aliyeianguka, mwenzi wa safari, na saa ya kurudi inayojulikana, hizo ndizo kamba za ngamia wa leo.

Tukamshauri mambo matatu. Kwanza, auze kabla ya kununua, asiingie katika mkopo wa riba kwa ajili ya kheri, kwani kheri haijengwi juu ya haramu. Pili, tofauti ya bei itakayobaki aigawe: sehemu iwe ya vifaa vya kujikinga, sehemu akiba ya nyumba. Tatu, aandike wasia na madeni yake kabla ya kuondoka, na mkewe ajue yalipo. Mke alipoyasikia hayo mbele yetu hakusema amekubali yote. Alisema aende, lakini asivuke laga yenye maji hata kama anayengojewa ni nani. Sharti hilo tumeliona la haki, naye mumewe amelikubali.

Kuhusu kicheko cha rafiki zake, Qur'ani katika Suratun-Nahl imetaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupanda na kuwa ni pambo. Pambo basi si dhambi. Lakini pambo likimzuia mtu kufika kwa mwenye haja, limekwisha kumpanda yeye. Hakuna mtu wa Oldonyiro atakayeuliza injini ni ya saisi ngapi. Atauliza kama dawa imefika.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarejeshe kwa watu wao wakiwa salama, na azipokee amali zao. Wabillahi tawfiq.