Jina, unyoya na mlio: isimu katika utafiti wa ndege wa Ituri

Niania ni njia panda. Barabara itokayo Kisangani kuelekea Mambasa na Bunia inakutana hapo na ile ya kwenda Wamba na Isiro, na pande zote ni msitu. Ukifuata barabara kuelekea mashariki utafika Epulu, kituo kikuu cha Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kutiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1996. Watafiti wa ndege na wanyama wanaopita njia hii huwa wanabiolojia. Ni nadra kusikia kwamba mmoja wao amefuatana na mwanafunzi wa isimu. Makala hii inaeleza kwa nini kazi yao inatuhusu, kwa kulinganisha visa viwili vilivyotokea katika msitu huu.

Kisa cha kwanza ni cha jina lililotangulia mnyama. Mwaka 1890 Stanley aliandika kwamba Wambuti wanamjua mnyama wa msituni anayefanana na punda. Karibu miaka kumi baadaye Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza huko Uganda, aliwauliza Wambuti habari za mnyama huyo, nao wakampa jina lake. Johnston alilisikia kama *o'api*, ile k ikiwa haisikiki vizuri, na wengine wakilitamka *okapi*. Alipofika msituni, walimwonyesha nyayo zenye kwato mbili. Hakuwaamini, kwa sababu yeye alikuwa anatafuta farasi. Vipande vya ngozi alivyovipeleka London vilipewa jina la kitaalamu la jamii ya farasi, *Equus johnstoni*. Mwaka 1901 ngozi nzima na fuvu vilipofika, ikaonekana wazi kwamba Wambuti walisema kweli: okapi ni ndugu wa twiga. Jina la msituni likashinda, na leo dunia nzima inalitumia.

Kisa cha pili ni cha unyoya uliokosa jina. Mwaka 1913 James Chapin, kijana wa msafara wa jumba la makumbusho la New York, alikuwa Avakubi, kwenye mto Ituri, jirani kabisa na Niania. Katika vazi la kichwa lililopambwa kwa manyoya ya ndege aliona unyoya mmoja wa rangi ya kahawia nyekundu wenye mistari myeusi. Hakuweza kusema ni wa ndege gani. Aliutunza kwa miaka 23. Mwaka 1936, akiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa na kuwekwa pembeni. Kibandiko chao kilisema ni tausi wachanga wa kawaida, yaani wale wa Uhindi. Chapin aliutambua unyoya wake katika bawa la jike. Mwaka huohuo akamtangaza ndege huyo kwa jina la *Afropavo congensis*, na mwaka 1937 akarudi Kongo, ambako wawindaji wa msituni walimsaidia kumpata.

Sisemi kwamba jina peke yake lingemaliza kazi ya Chapin siku ileile. Lakini tazama visa hivi viwili pamoja. Katika vyote, kosa la wataalamu ni lilelile: walikiita kitu cha msitu huu kwa jina la kitu wanachokijua kwao, farasi au tausi wa Uhindi. Tofauti ni kwamba katika kisa cha okapi kulikuwa na neno la wenyeji lililoandikwa, na mtu aliweza kulifuata mpaka kwa wanaolitumia. Unyoya haukuwa na njia kama hiyo.

Sisi tunaoandika Kiswahili nasi hatujaepuka kosa hilo. *Tausi* ni neno la Kiarabu lililotufikia kwa njia ya pwani, pamoja na ndege wa Uhindi mwenye manyoya marefu ya kutandaza. Tunaposema "tausi wa Kongo", msomaji anamwona ndege yule wa bustanini. Dume wa msitu wetu hana manyoya marefu ya kuburuta. Ana rangi ya buluu iliyoiva, ngozi nyekundu shingoni na kishungi cheupe kichwani. Jina letu limerudia kibandiko cha Tervuren.

Msituni, kwa kweli, ni vigumu kumwona kwa namna yoyote. Mtafiti wa ndege wa bahari, katika visiwa vya Shelisheli kwa mfano, anaweza kusimama kati ya maelfu ya viota vilivyo peupe na kuhesabu kwa macho. Ituri inataka masikio. Tausi wetu huita usiku, dume na jike wakipokezana, na wanaornitholojia wameuandika mlio huo kwa namna kama *gowe-gowa*. Siku hizi watafiti wa misitu hutundika vifaa vya kunasa sauti juu ya miti. Kifaa huhifadhi saa nyingi za milio, lakini hakimtaji mwenye mlio. Anayeweza kumtaja mara nyingi ni mtu aliyekulia hapo.

Na majina mengi ya ndege yenyewe ni kumbukumbu ya mlio. Kiswahili kina *dudumizi* na *hondohondo*: ukilitamka jina umeshaanza kumwiga ndege. Ujuzi wa namna hii si hadithi za wazee tu. Mwaka 1928 Ernst Mayr alikuta kwamba wenyeji wa milima ya Arfak, New Guinea, walikuwa na majina 136 kwa ndege ambao yeye aliwagawa katika spishi 137.

Hapa ndipo isimu inapohitajika. Kuzunguka Niania na Mambasa kuna lugha za Kibantu kama Kindaka, Kibila na Kibudu, na za Sudani ya Kati kama Kilese na Kimamvu. Wambuti husema lugha za jirani zao kwa namna yao. Hizi ni lugha za toni. Kibudu kina irabu tisa, Kiswahili tano. Mtafiti anayeandika majina kwa herufi za Kiswahili bila toni anaweza kufanya ndege wawili kuwa mmoja, na orodha yake ikaharibika kabla hajaanza kuhesabu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fonolojia angelisikia kosa hilo.

Njia ya kukusanya pia ni yetu. Usianze na picha, kwa maana picha inamwonyesha ndege asiyeonekana hivyo msituni. Anza na mlio ulionaswa. Usiombe neno moja tu. Acha msemaji aeleze ndege huita saa ngapi, anakula nini, anatangaza nini. Uliza wanawake na wanaume, wakulima na wawindaji, na uandike pale wanapotofautiana.

Muda si mwingi. Mwezi wa Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Usalama wa watafiti bado ni swali. Njiani nako, kijana anayeishi kwa Kiswahili na Lingala huweza kumwita kila ndege wa porini *ndege* tu. Hasemi uongo, lakini anayemfuata hatakuwa na jina la kufuata.

Kila mwaka tunatafuta mada za kazi ya kumaliza masomo. Majina ya ndege katika Kindaka, yenye toni, milio iliyonaswa na maelezo ya wasemaji, ni mada inayoweza kufanyika kwa simu moja yenye kinasa sauti na miezi michache ya subira. Idara ya biolojia ingeipokea kwa mikono miwili.